Chumba cha mazingaombwe na kufuli la nje

Msomaji wangu, likizo ya Juni iliyopita nilifungiwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe hapa Mpanda, tena kwa kiingilio cha shilingi 500.

Mtoto wa kaka yangu, binti wa miaka 14, alikuwa ameona kwenye simu mchezo wa chumba cha mafumbo. Wachezaji wachache hufungiwa chumbani, kisha hutafuta na kufumbua mafumbo mpaka wapate ufunguo wa kutokea kabla muda haujaisha. Mjapani Takao Kato aliuanzisha mjini Kyoto mwaka 2007, na leo unachezwa katika miji mingi duniani. Vyumba vingine huigiza jela, vingine nyumba ya bingwa wa mazingaombwe.

Chetu kilikuwa cha mazingaombwe. Stoo ilizibwa dirisha kwa kanga, mezani pakawekwa kofia, karata na trei ya mayai. Kwenye kona kulikuwa na chetezo chenye mkaa, kinafuka udi. “Shangazi, bila moshi si mazingaombwe,” nikaambiwa. Tuliingia wanne: mimi, binti yangu, mama jirani na mwanawe wa miaka tisa. Kufuli likafungwa kwa nje.

Fumbo la kwanza lilikuwa kitendawili: nyumba yangu haina mlango. Yai! Tukapekua trei, tukakuta ganda tupu lenye kikaratasi ndani. Nilicheka kama mtoto. Nilifurahi kuona watoto wakifikiri pamoja badala ya kila mmoja kuinamia simu yake.

Kisha umeme ukakatika. Mtoto wa jirani, ambaye ana pumu, akaanza kukohoa. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa nyumbani kwao. Tukagonga mlango, kimya. Mshika ufunguo alikuwa amekwenda dukani kununua pipi za washindi. Tukavuta kanga, tukafungua dirisha, tukamsogeza mtoto kwenye hewa. Kupita hapo hatukuweza, dirisha lina nondo. “Daktari, na wewe umo humu!” mama yake akaniambia. Zilikuwa dakika chache tu na mtoto alipata nafuu, lakini niliona aibu. Mimi ndiye ninayewaonya wazazi kila siku kuhusu jiko la mkaa.

Tarehe 4 Januari 2019, katika mji wa Koszalin nchini Poland, wasichana watano wa miaka 15 waliingia chumba cha mchezo kama huu kusherehekea siku ya kuzaliwa. Moto ukazuka na hawakuwa na njia ya dharura ya kutokea. Wote watano walikufa, na uchunguzi ulionyesha kilichowaua ni hewa ya kaboni monoksaidi. Serikali ya nchi ile iliamuru vyumba vya namna hiyo vikaguliwe, na vingine vikafungwa.

Hewa hiyo hiyo hutoka kwenye mkaa unaowaka. Haina rangi wala harufu, na hutoka hata mkaa ukiwa umeiva na hauna moshi. Ukiivuta, hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, lakini ubongo na moyo vinakosa oksijeni.

Sasa tazama nyumba zetu. Madirisha yana nondo kwa kuogopa wezi, mlango ni mmoja, na wengine huwafungia watoto kwa nje wanapokwenda sokoni au shambani. Usiku wa Juni na Julai baridi ikituzidi, jiko linaingizwa chumbani. Wakati wa masika tunapika ndani kwa sababu ya mvua. Hicho nacho ni chumba cha mafumbo, ila aliyelala ndani hajui kama kuna fumbo.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea na kuchanganyikiwa, kisha kupoteza fahamu. Wengi hudhani ni malaria au chakula kibaya. Ukiona watu wawili au watatu waliokuwa chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, shuku jiko kwanza.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango na madirisha na umtoe nje haraka, bila wewe kukaa humo. Usimnyweshe maziwa: hayaondoi sumu hii, na aliyelegea anaweza kupaliwa. Mpeleke hospitali akapewe oksijeni, na useme wazi kwamba kulikuwa na jiko ndani. Kauli hiyo ina uzito, kwa sababu kile kipimo cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni ya kawaida ilhali mgonjwa yuko hatarini. Mjamzito apelekwe hata kama anajisikia vizuri, kwa kuwa mtoto tumboni huumia zaidi.

Usilale na jiko chumbani. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutosha. Usimfungie mtoto kwa nje, na ufunguo wa usiku ukae mahali ambapo kila mkubwa wa nyumba anaweza kuufikia gizani. Mwenye pumu atembee na dawa yake, na akae mbali na moshi wa udi na ubani. Waambie watoto pia wasijifiche ndani ya friji bovu, sanduku au tenki la maji kwa kuigiza mazingaombwe waliyoyaona shuleni.

Sikuwakataza watoto mchezo wao. Jumamosi iliyofuata tulicheza tena kwa tochi, bila chetezo. Mtoto wa jirani alikuja na dawa yake mfukoni, na ndiye aliyeupata ufunguo. Safari hii haukuwa wa mlango, ulikuwa wa kisanduku cha pipi. Mlango ulikuwa umerudishwa tu.