Lipa kwa matokeo: hela za wafadhili na mdogo wako wa darasa la pili

Najua wengi hapo kafe mmekuja kucheki mpira, lakini leo naomba tuongelee hela za elimu. Inamhusu kila mwenye mdogo wake shuleni.

Anzia mashamba ya mkonge kule Korogwe. Mkata mkonge halipwi kwa kuamka alfajiri, analipwa kwa mizigo aliyokata. Wafadhili nao wameanza kuilipa serikali hivyo hivyo. Zamani hela ilitangulia: magari yakanunuliwa, semina zikafanyika, risiti zikapelekwa, basi. Kama mtoto kajua kusoma au la, hiyo ilikuwa habari nyingine.

Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 122 kwa Tanzania, Uingereza na Sweden nao wakachangia. Mpango ule ukazoeleka kwa jina la EP4R, yaani lipa kulingana na matokeo. Vigezo viliwekwa mapema: kwa mfano, ruzuku ya wanafunzi ifike shuleni kwa wakati, na walimu wagawanywe sawasawa, wasirundikane sehemu moja. Kigezo kikihakikiwa, hela inatoka. Kisipotimia, haitoki. BOOST ya shule za awali na msingi, iliyoidhinishwa 2021 kwa dola milioni 500, nayo inalipa kwa matokeo. Na tusisahau, hela ya Benki ya Dunia hapo ni mkopo. Tutalipa sisi.

Sasa swali: ukiahidi hela, mtoto anajua kusoma kweli?

Jibu zuri limetoka hapa hapa kwetu. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza katika shule 350 za msingi kwenye wilaya 10, Korogwe ikiwemo. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine 70 hazikupewa ruzuku, ila mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo lake, na mwalimu mkuu 1,000. Shule 70 zilipata vyote viwili. Zilizobaki 140 hazikupata kitu, zilikuwa za kulinganishia.

Matokeo yalichapishwa 2019. Ruzuku peke yake haikupandisha ufaulu. Ahadi peke yake ilileta utata: watoto walifanya vizuri kidogo kwenye mtihani wenye hela, ila kwenye mtihani usio na hela tofauti haikuonekana. Palipokuwa na vyote viwili, watoto walipanda kwenye mitihani yote.

Kwa nini? Rudi kwa mkata mkonge. Ukimpa panga bila malipo, panga litakaa. Ukimwahidi malipo bila panga, atakata na nini? Mimi darasa la pili tulikuwa watoto watano kwenye kitabu kimoja. Mwalimu wetu hata angeahidiwa laki, angefundishia nini?

Hapo ndipo wasiwasi wangu kuhusu lipa kwa matokeo. Kigezo kisipotimia, hela inazuiwa. Ofisa hakosi mshahara, anayekosa dawati ni mtoto, tena wa shule iliyokuwa nyuma tangu mwanzo. Kwa hiyo mimi sipingi kulipa kwa matokeo. Ninachosema ni kwamba panga litangulie, malipo yafuate, na kinachopimwa kiwe mtoto anajua nini, siyo karatasi inasema nini.

Kikao cha wazazi kikiitishwa, nenda hata kama mzee hayupo. Uliza mawili tu: ruzuku imefika lini, na ni shilingi ngapi? Halafu ukirudi nyumbani mpe mdogo wako kitabu akusomee ukurasa mmoja. Hayo ndiyo matokeo yenyewe.

Naomba kuwasilisha. Kwenu ruzuku inafika? Tiririkeni hapo chini, ila matusi hapana.