Homoni na Konea: Jicho la Mama Katika Mimba na Baada ya Hedhi Kukoma

Mama mjamzito akilalamika kwamba miwani yake haimfai tena, aghalabu huambiwa ni uchovu wa mimba, utamwishia. Huenda ikawa kweli. Lakini huenda pia ni konea inayobadilika, na si kila badiliko la konea hurudi nyuma.

Konea ni utando angavu ulioko mbele kabisa ya jicho. Unene wake katikati ni kama nusu milimita, na haina mishipa ya damu. Oksijeni huipata hasa hewani, kupitia machozi. Mtu angedhani kwamba kiungo kisicho na damu hakihusiani na homoni. Sivyo. Katika seli za konea, na katika tezi za machozi na za mafuta ya kope, mna vipokezi vya estrojeni, projesteroni na androjeni.

Wakati wa mimba konea huweza kufyonza maji, ikanenepa kidogo na mviringo wake ukabadilika. Lenzi za kuvaa jichoni huanza kuudhi, na vitu vya mbali hufifia. Kwa walio wengi hali hurejea baada ya kujifungua na kunyonyesha. Ndiyo sababu madaktari hushauri miwani mipya ingoje, na upasuaji wa leza usifanywe kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Ila ukungu wa ghafla machoni pamoja na maumivu makali ya kichwa ni jambo jingine kabisa: huenda ni shinikizo la damu la mimba, na mama apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wasiwasi mkubwa ni kwa mwenye keratokonasi. Katika maradhi haya konea hukonda na kuchomoza, mfano wa ncha ya pia wachezayo watoto. Kwa kawaida huanza umri wa kubaleghe, huendelea miaka ya ishirini, kisha hutulia mtu akaribiapo miaka 40. Tazama basi: miaka ya kuolewa na kuzaa ndiyo miaka ambayo maradhi yangali hai. Madaktari wameeleza habari za wanawake ambao konea zao zilikuwa zimetulia, kisha zikaanza tena kuchomoza mimbani. Inadhaniwa kwamba homoni hulegeza nyuzi za kolajeni zinazoishikilia konea.

Kwa hiyo binti anayefikicha macho kwa mwasho tangu utotoni, na ambaye kila mara huhitaji miwani mingine, apimwe umbo la konea kabla ya kushika mimba. Ipo tiba iliyoanzia Dresden, Ujerumani, ya kuikaza konea kwa matone ya vitamini B2 na miali ya urujuanimno. Kazi yake kubwa ni kuzuia maradhi yasiendelee. Umbo lililokwisha kuharibika hairejeshi kikamilifu. Anayechelewa hukosa faida yake.

Hedhi ikikoma, shida huwa ni ukavu. Androjeni, ambazo mwanamke pia anazo, husaidia tezi za kope kutoa mafuta yanayozuia machozi yasikauke. Zikipungua, jicho huwasha kama lililoingia mchanga, na konea huweza kuchubuka. Tena jicho kavu huweza kutiririka machozi, jambo linalowapoteza wengi. Wala vidonge vya homoni si dawa yake: utafiti wa Marekani wa mwaka 2001, uliohusisha wanawake zaidi ya 25,000, ulionesha kwamba waliotumia estrojeni peke yake walikuwa na uwezekano wa kupata macho makavu uliozidi kwa asilimia 69.

Na matone yanayonunuliwa dukani bila cheti? Baadhi yana steroidi, dawa za ukoo wa homoni ya kotisoli. Huondoa wekundu upesi, na hapo ndipo penye hatari, kwani kidonda cha konea kilichotokana na kuvu huendelea kula jicho huku mgonjwa akijiona amepata nafuu. Ukienda kliniki, beba chupa hiyo, na useme una mimba ya miezi mingapi au unatumia vidonge gani, hata kama hujaulizwa.