Nani Aliyejongea Kwanza

Katika viwanja vya Kisauni na Changamwe, ambako chokaa iliyopigwa asubuhi aghalabu huwa imekwisha kufutwa na nyayo kabla ya saa kumi alasiri, hakuna hukumu imtoayo refa jasho kama penalti. Wala si kwa sababu ya mpigaji, bali kwa sababu ya wale 20 waliosimama nje ya kumi na nane, kila mmoja kaibana ncha ya kiatu penye mstari usioonekana, huku bega limekwisha kutangulia.

Sharia yenyewe, ambayo ni ya 14, ni nyepesi kuisoma: mpira utulie, watu wakae mbali nao mita 9.15, na kipa awe na japo sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari wa goli au nyuma yake mpaka mpira upigwe. Uzito umo katika adhabu. Zamani aliyeingia mapema alihesabiwa mkosa hata ikiwa mbio zake hazikumdhuru mtu. Tangu msimu wa 2024/25 refa hulazimika kutazama athari: je, huyu kamghasi kipa au mpigaji, au ndiye aliyeuwahi mpira uliorudi? Kama sivyo, mchezo huendelea.

Wamarekani, katika mpira wao wa kubebwa mikononi, wamelizoea swali lililo jirani na hili. Baina ya safu mbili zinazokabiliana pana uwazi wa urefu wa mpira tu. Mshambuliaji wa safu ya mbele aliyekwisha kujiweka tayari akitikisika kabla mpira haujatolewa, timu yake hurudishwa yadi 5, illa ikiwa mlinzi ndiye aliyejitoma katika uwazi ule akamshitua, hapo hatia humwangukia mlinzi. Hukumu hiyo naiona ya haki kuliko zetu nyingi.

Mimi mwenyewe, jioni moja Likoni, mpira ulipopaa juu ya mtambaa wa panya, niliamuru penalti irudiwe kwa kuwa beki mmoja alikuwa amekwisha ingia hatua mbili, nyuma kabisa ya mpigaji. Ya pili ikaingia. Beki yule sasa ana wajukuu, na kila tukikutana penye feri, baada ya salamu na kujuliana hali, hunishika mkono akaniuliza, “Bwana refa, nilimzuia nani mimi?” Mwaka jana nilimjibu kwamba kwa sharia ya leo ingekuwa goli kiki.