Mwale Umefika, Simu Bado

Kwenye karatasi, kuunganisha minara miwili ya simu kwa mwanga ni kazi ya siku chache. Hakuna mtaro wa kuchimba wala faiba ya kutandaza, na katika nchi nyingi hakuna leseni ya masafa ya kulipia. Mitambo miwili inafungwa ikitazamana, mmoja huku, mwingine ng'ambo ya mto, na mwale wa leza usioonekana kwa macho unabeba gigabiti kadhaa kwa sekunde. Ahadi hiyo si ya uongo. Mitambo yenyewe mara nyingi hufungwa kwa wakati.

Yanayochelewa ni yale ambayo mpango uliyataja kwa mstari mmoja. Mwale ni mwembamba: ukipinda nusu digrii tu, kwa umbali wa kilomita 2 unakosa shabaha kwa mita 17 hivi. Mitambo mingi hujirekebisha yenyewe, lakini ina kikomo chake, kwa hiyo mlingoti uliodhaniwa unafaa hulazimika kuimarishwa. Mwenye paa naye anataka mkataba mpya. Na tangu vipimo vichukuliwe, jirani kashapandisha ghorofa. (Mpimaji halaumiwi kwa hilo, ingawa angeweza kuuliza.)

Kisha kuna ukungu. Mvua ya kawaida mwanga huistahimili. Vitone vya ukungu, kwa udogo na wingi wake, huutawanya mwale hadi ukaishia njiani. Aliyeamka alfajiri Njombe au Limuru anaujua ukungu huo. Aliyepima kiangazi, saa sita mchana, hakuuona. Huduma ya asilimia 99 ya mwaka inapendeza kusikia, ila asilimia 1 iliyobaki ni zaidi ya saa 87 bila mawasiliano. Hapo ndipo redio ya akiba huongezwa, kwa kuwa ukungu hauisumbui sana. Inakuja na leseni yake, umeme wake na fundi wake, na bajeti inapanda. Hilo mimi siliiti ubadhirifu. Gharama hiyo ilikuwapo tangu siku ya kwanza, ila haikuandikwa.

Kinachobaki kiporo kwa kawaida ni kile kisichokaguliwa siku ya makabidhiano: betri za kumaliza usiku, vipuri, mtu wa karibu aliyefundishwa kufuta vumbi kwenye kioo cha mtambo. Cheti cha kukamilika hutolewa mwale ukishapokelewa upande wa pili. Lakini mwananchi hapokei leza. Simu yake inaongea na antena za mnara kwa redio, na kama hizo hazikuongezwa uwezo, video yake jioni itakwama vilevile.

Ingefaa kazi ihesabiwe imekamilika pale simu ya kawaida inapopimwa saa mbili usiku, kilomita moja kutoka mnarani, na tena asubuhi ya ukungu. Tatizo ni kwamba ratiba ya namna hiyo huonekana ndefu kwenye zabuni, na mkandarasi anayeiandika hushindwa na yule anayeahidi tarehe ya karibu.