Mtego Usioua

Watu wa Butembo na Beni wanajua kutega panya. Mwenye shamba hutaka panya afe, asile tena mahindi yake. Lakini yuko mtegaji mwingine anayemtaka panya mzima. Huyo ni mtaalamu wa magonjwa. Kwa nini hataki panya afe?

Panya hubeba viroboto katika manyoya yake. Kiroboto hupenda mwili wenye joto. Panya akifa, mwili wake hupoa, na viroboto humwacha wakatafute damu nyingine. Pengine humrukia mtu. Ikiwa panya alikufa kwa tauni, mtu huyo naye aweza kuugua. Mganga Alexandre Yersin aligundua kijidudu cha tauni huko Hong Kong mwaka 1894. Mwaka 1898 mganga Paul-Louis Simond alionyesha ya kuwa kiroboto ndiye anayekichukua. Tauni haiko mbali: mwaka 2020 iliwapata watu wa Rethy, katika Ituri, kaskazini ya Beni.

Basi, mtaalamu hutegaje? Mtego wake ni kisanduku cha bati chenye mlango. Ndani hutia chambo, kama kalanga zilizopondwa. Jioni hupanga mitego kando ya ukuta na ukingoni mwa shamba, kwa maana panya hupenda kupita pembeni. Panya akikanyaga kibati cha ndani, mlango hujifunga nyuma yake. Usiku wa milima ya Butembo una baridi. Kwa hiyo mtegaji hutia majani makavu, panya asife. Alfajiri huikagua mitego yote.

Mtaalamu huvaa glavu. Humtia panya katika mfuko wa kitambaa, humlaza usingizi kwa dawa, kisha humchana manyoya juu ya beseni jeupe na kuhesabu viroboto. Wakiwa wengi, ni onyo. Kwanza viroboto wauawe kwa dawa, ndipo panya wauawe. Anayeanza na panya huwafungulia viroboto njia ya kwenda kwa watu.

Mtoto akikuta panya waliokufa, asiwaguse, wala asiwachukue kwa kula. Amwambie mkubwa, naye apeleke habari kwa mganga. Mwenye homa kali na uvimbe unaouma kinenani au kwapani aende hospitali siku ile ile. Tauni hupona, dawa ikipatikana mapema.

Maulizo
1. Kwa nini mtaalamu hutaka panya awe mzima?
2. Viroboto na panya, ni nani wauawe kwanza? Eleza sababu.