Je, Wajua? Pua ya Kyela Dukani kwa Pafyumu

Je, wajua kwamba kati ya sifa na tusi, Kiswahili kimeweka irabu moja tu? Nguo ikinuka, watu hufungua madirisha. Ikinukia, huuliza umenunua wapi. Katika familia hiyo ya maneno ndimo manukato yalimozaliwa. Marashi, kwa upande wake, ni ya ukoo wa Kiarabu, katika neno la kunyunyiza. Ndiyo maana ile chupa ya shingo ndefu inayowanyunyizia wageni harusini pwani inaitwa mrashi.

Na pafyumu? Asili yake ni Kilatini, *per fumum*, yaani "kwa njia ya moshi". Watu walifukiza kwanza, kujipulizia kukaja baadaye sana. Kwa hiyo bibi wa Unguja anayefukiza kanga zake kwa udi juu ya chetezo yuko karibu na maana ya neno hilo kuliko yule dada wa butiki mwenye chupa ya kioo mkononi.

Nasema butiki kwa sababu niliingia moja Dar es Salaam, ya kiyoyozi na zulia, nikiwa mtoto wa Kyela, kwenye mchele wa kunukia, mwenye saa moja ya kupoteza. Muuzaji alinipa vijikaratasi vyembamba, kila kimoja kimepuliziwa chupa yake, na akaniasa nisivinuse papo hapo. Alikuwa sahihi: sekunde za mwanzo unanusa spiriti tu, na ni lazima iruke kwanza ndipo pafyumu yenyewe ianze kuzungumza. Kijikaratasi cha nne alikisifu kwa sauti ya chini: "Hii, kaka, ina harufu ya wali."

Nilicheka. Nimetoka kilomita zaidi ya mia tisa kuja kuuziwa wali?

Lakini je, wajua kwamba hakuwa anatania? Mwaka 1982 wanakemia waliuchunguza mchele unaonukia na kubaini kemikali inayoupa sifa hiyo. Ni asetilipirolini, ambayo wenyewe huifupisha kuwa 2AP. Kiasi chake ni kidogo mno, lakini pua ya binadamu huikamata upesi. Mpunga wa kawaida una jeni inayozuia kemikali hiyo isijikusanye. Katika mpunga unaonukia jeni hiyo imeharibika. Sifa yote ya basmati na ya ndugu zake wanaonukia inatokana na kasoro, na sijawahi kusikia mtu akiilalamikia. Watengeneza manukato nao walilifikia sinia: Kenzo Amour, iliyotoka mwaka 2006, inajulikana kwa harufu yake ya mchele.

Kemikali hiyohiyo imo katika majani ya mpandani, mmea wa Asia ulio ndugu wa mkadi wetu wa pwani, ambayo wapishi wa huko huyatia kwenye wali. Imo pia katika bisi zikitoka motoni. Na imo katika mkojo wa binturongi, mnyama wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Hilo la mwisho usimwambie mgeni akiwa mezani.

2AP ina tabia moja mbaya: haikai. Mchele ukiwekwa miezi mingi ghalani, hasa penye joto, harufu hupungua. Ndiyo maana wali wa mpunga mpya unaitangaza nyumba hadi kwa jirani, na wa mwaka jana unanyamaza. Pafyumu ni hivyohivyo. Adui zake ni mwanga, joto na hewa. Chupa nzuri iliyopangwa dirishani ili wageni waione inaharibika huku inasifiwa.

Je, wajua kwamba maneno madogo yaliyo kwenye chupa yanaeleza kiasi cha mafuta ya manukato yaliyochanganywa na spiriti? Kwa kawaida *eau de parfum* huwa na asilimia 15 hadi 20, *eau de toilette* asilimia 5 hadi 15, na *cologne* asilimia 2 hadi 4 tu. Kyela mjini habari hizo hazitusumbui sana. Kwetu kuna pafyumu za kupima: mafuta yasiyo na spiriti, yanayovutwa kwa bomba la sindano na kutiwa katika kichupa cha kidole. Jina la chupa kubwa limeandikwa kwa kalamu, na aliyeliandika halazimiki kuliheshimu. Sioni ajabu. Dar es Salaam nimeona magunia ya mchele yaliyoandikwa "Kyela" mengi kiasi kwamba, yangekuwa ya kweli yote, tungekuwa tunalima hadi katikati ya Ziwa Nyasa.

Joto nalo lina hesabu yake. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kyela uko juu kidogo tu ya hapo. Tukuyu, mwendo mfupi kupanda mlima, iko zaidi ya mita 1,500. Pafyumu ileile inayodumu mpaka jioni kwenye baridi ya Tukuyu, Kyela itakuwa imekuaga kabla ya chakula cha mchana. Molekuli nyepesi, kama za ndimu na machungwa, huruka kwanza. Nzito, kama za sandali, vanila na udi, hubaki. Ngozi iliyopakwa mafuta huishika harufu muda mrefu kuliko ngozi kavu.

Kile kibakuli cha buni kilichowekwa kaunta ili uinuse na "kusafisha pua"? Watafiti wa Chuo cha Beloit, Marekani, walikijaribu na kuandika matokeo yao mwaka 2011: kahawa haikuishinda hewa tupu. Nusa mkono wa shati lako mwenyewe. Buni ya Mbozi iachwe iende kikombeni.

Je, wajua kwamba kakao mbichi hainukii chokoleti hata kidogo? Hili watoto wa Kyela wanalijua bila kufundishwa, maana wilaya yetu ndiyo kitovu cha kakao ya Tanzania, na sote tumepasua tunda na kufyonza ule utando mweupe, mtamu wenye ukali wa mbali. Ukitafuna mbegu yenyewe utautema uchungu. Harufu huanza kujengwa pale mbegu zinapolundikwa na utando wake, kwenye makasha au chini ya majani ya migomba, kwa siku 5 hadi 7. Chachu hufika kwanza na kuugeuza utamu kuwa kilevi. Bakteria huja nyuma yake na kukigeuza kilevi kuwa siki, na lundo hupata joto linaloweza kukaribia nyuzi 50. Ukipita karibu na lundo hilo siku ya tatu, macho yanawasha. Mgeni huziba pua. Mkulima huvuta pumzi ndefu kidogo, kwa sababu harufu hiyo ndiyo itakayompa alama nzuri au mbaya kabla mzigo haujafika kwenye mnada wa stakabadhi ghalani. Baada ya kuanikwa, bado ni nusu ya safari. Chokoleti hutokea kwenye kukaangwa, na huko mara nyingi ni mbali na Kyela.

Mwaka 1992 nyumba ya Mugler ya Ufaransa ilitoa Angel, pafyumu iliyochanganya chokoleti na sukari ya kuungua. Wengi walishangaa mtu kutaka kunukia kama duka la keki. Leo pafyumu za namna hiyo zimejaa rafu nzima.

Sasa mvua. Kyela ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zinazopata mvua nyingi zaidi, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa Aprili hakuna anayeishangaa. Inayosubiriwa ni ile ya kwanza, baada ya vumbi la Septemba na Oktoba, ardhi inapotoa pumzi. Je, wajua kwamba jina la kisayansi la harufu ile, *petrichor*, lilitolewa mwaka 1964 na Waaustralia Isabel Bear na Richard Thomas? Sehemu yake moja muhimu ni geosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Chukua gramu 5 za geosmini, zichanganye katika lita bilioni 1 za maji: pua nyingi bado zitagundua kuna kitu.

Kuna watu wanaoiuza harufu hiyo. Kannauj, kaskazini mwa India, wafinyanzi huchoma vipande vya udongo, kisha watengeneza manukato huvitia kwenye mtungi wa shaba wenye maji na kuvichemsha. Mvuke hupita kwenye bomba la mwanzi na kutulia ndani ya mafuta ya sandali. Kinachopatikana huitwa *mitti attar*, marashi ya udongo. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka Ikombe, kijiji cha ufukweni mwa Nyasa ng'ambo ya Matema, ambako wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mikono bila gurudumu na kuvichoma kwa moto wa wazi. Mitumbwi huvileta soko la Lyulilo, na kutoka hapo husafiri hadi Tukuyu na Mbeya. Chungu kipya cha Wakisi kikimwagiwa maji mara ya kwanza hutoa harufu hiyohiyo ya Kannauj. Bei yake haijajumuisha harufu. Labda wanaouza hawajashauriwa vizuri.

Geosmini hiyohiyo ndiyo huwapa baadhi ya samaki wa maji baridi ladha ya tope. Asidi huivunja. Mama anayemkamulia samaki ndimu kabla ya kumkaanga anafanya kemia, ila hana muda wa kuiita hivyo.

Je, wajua kwamba *cologne* ni jina la mji wa Ujerumani, ambako Mwitaliano Johann Maria Farina alitengeneza maji yake ya kunukia mwanzoni mwa karne ya 18? Mji wenyewe uliitwa hivyo na Warumi: Colonia, koloni. Wajerumani, ambao mji wao huo ulikwisha kuwa koloni la mtu, walikuja kwetu miaka ya 1890, wakajenga kituo kwenye ufuko wa kaskazini wa Nyasa na kukiita Langenburg.

Haraka haraka: mlangilangi ulio ndani ya Chanel No. 5, ya mwaka 1921, ni maua ambayo Komoro huongoza duniani kwa kuyakamua. Pemba, kiwanda cha Wawi hukamua mafuta ya makonyo, vile vijiti ambavyo mchumaji wa karafuu angevitupa. Zabadi, iliyotumika karne nyingi kuzipa pafyumu uzito, hutoka kwenye tezi iliyo karibu na mkia wa fungo. Na msandali wa Afrika Mashariki, ambao wezi huung'oa na mizizi yake, uko kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa kimataifa tangu mwaka 2013.

Pua ya mtu ina aina takriban 400 za vipokezi vya harufu. Linda Buck na Richard Axel walipata Nobeli mwaka 2004 kwa kuvigundua. Habari zake hufika mapema kwenye sehemu za ubongo zinazotunza hisia na kumbukumbu, hazizunguki njia ndefu kama za macho na masikio. Labda ndiyo sababu pale kwenye zulia, na kijikaratasi cha nne mkononi, niliiona kabisa sufuria ya nyumbani na mfuniko wake uliopinda.

Sikununua, bei yake ilikuwa ya magunia. Nilikiomba kijikaratasi, nikakitia katikati ya daftari, na siku mbili baadaye nilikuwa nyumbani, Ipinda. Nilimpa mama bila kumwambia ni nini. Alikinusa, akakigeuza, akakinusa tena.

"Ni wali," alisema. "Lakini mwanangu, hawa wamekudanganya. Huu siyo wa Kyela."