Jarida wanalolihitaji wapigapicha si katalogi ya kamera

Jumamosi ni siku ya mavuno kwa wapigapicha. Kuna harusi, kipaimara, mahafali na kicheni pati, na kila shughuli ina kijana mwenye kamera shingoni. Ukimuuliza alijifunzia wapi, atakutajia YouTube, au kaka fulani aliyeanza kwa kumbebea flashi. Ni nadra kumsikia akitaja jarida, sembuse jarida la Kiswahili.

Tuseme basi kuna mchapishaji anayetaka kulianzisha. Aweke nini ndani?

Asianze na vifaa. Popular Photography la Marekani liliishi miaka 80, tangu 1937 hadi lilipofungwa mwaka 2017, na kurasa zake nyingi zilikuwa za majaribio ya kamera na matangazo ya maduka. Siku hizi kamera mpya ikitoka, simu inakuonyesha kila kitu jioni ileile. Isitoshe, mpigapicha wa Mwanza au Kisumu aliyenunua kamera ya mtumba kwa kudunduliza hana haja ya kukumbushwa kila mwezi kwamba ya mwenzake ni bora.

Wala uzuri wa karatasi peke yake hautoshi. Mpigapicha Alfred Stieglitz alitoa jarida la Camera Work jijini New York kuanzia 1903, akachapa picha kwa ustadi ambao wakusanyaji wanauhusudu hadi leo. Ilipofika 1917, wateja waliobaki hawakufika 40, akalifunga. Lilikuwa limezidi kuwa la wajuzi wachache.

Mfano unaotufaa zaidi ni Drum, lililoanza Afrika Kusini mwaka 1951. Halikuwa jarida la upigaji picha, bali la habari na maisha ya watu weusi mijini. Lakini lililea wapigapicha. Peter Magubane aliingia pale kama dereva, akahamia chumba cha kusafishia picha, kisha akakabidhiwa kamera. Baadaye picha zake za maisha chini ya ubaguzi wa rangi zilizunguka dunia nzima. Alipata kazi ya kufanya, wakubwa wa kumsahihisha, na ukurasa wa kuionyesha kazi yake.

Hayo ndiyo wapigapicha wanayoyahitaji, na somo la kwanza liwe mwanga wa kwetu. Vitabu vingi vya ughaibuni vimeandikwa kwa jua la pembeni na ngozi nyeupe. Hata maabara za Kodak kwa miaka mingi zilipanga rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, maarufu kama Shirley. Chukua bibi harusi mweusi, gauni jeupe pe, saa saba mchana, jua la utosi. Gauni linapojaa kwenye fremu, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wa bibi harusi unazama gizani. Mpigapicha akiongeza mwanga kwa pupa, lesi inaungua na mshono wote unapotea. Dawa ni kumsogeza barazani penye kivuli, mtu ashike kitambaa cheupe kurudisha mwanga usoni, kisha mwanga uongezwe kidogo kidogo huku lesi ikitazamwa. Kurasa mbili zenye picha tatu za hatua hizo zingemfaa msomaji kuliko majaribio kumi ya lenzi.

Somo la pili ni pesa na sheria. Mteja anataka picha zote, zikiwemo zilizoharibika. Malipo ya awali yawe nusu au theluthi? Picha ikionekana kwenye bango la duka bila ruhusa, unaanzia wapi kudai? Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na Kenya ina yake ya 2001, ila wenye kamera wengi hawajawahi kufafanuliwa vifungu vyake kwa lugha nyepesi. Upande wa pili kuna haki ya anayepigwa picha. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa, na shule moja Sh4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziidhinisha. Habari kama hizo zina uzito kwa fundi anayetupia kazi zake Instagram kila usiku.

La tatu ni uhakiki. Mitandaoni kila picha ni "kali" na kila mtu ni "noma". Jarida liwe na mhariri atakayechagua picha moja ya msomaji na kueleza bila kumvunja moyo kwa nini nguzo ya umeme imemwotea bwana harusi kichwani. Na liwafahamishe vijana kuhusu waliowatangulia, kama Mohamed Amin, aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963 na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za 1984 ziliamsha dunia.

Kwa mchapishaji atakayethubutu, ombi ni hili: anza na kurasa 32, bei ya kifurushi cha data, na bajeti ya kumlipa kila mpigapicha ambaye picha yake imetoka. Jarida la wapigapicha linaloomba picha za bure halistahili kununuliwa.